Debe la Adela

Sehemu ya sita

Siku ya kwanza ambayo Adela hakuitika kwenye mizani, karani Bashiru alidhani hajasikika. Akarudia jina. Ilikuwa Julai, baridi imekaza, sisi wachumaji tumejikunyata ndani ya khanga zetu na ndoo za kahawa miguuni.

Kisha Bibi Kunegunda akajongea mbele. "Yupo," alisema. "Anaumwa tu." Akachota kopo moja la kahawa kwenye ndoo yake mwenyewe, akalimwaga ndani ya debe tupu la Adela. "Hili la Adela."

Aliyekuwa nyuma yake naye akamwaga kopo. Na wa nyuma yake. Kwetu mtu akiugua wakati wa kilimo, majirani humlimia shamba lake, hawasubiri kuombwa. Shamba la Litenga halikuwa letu, lakini mikono ilikuwa yetu.

Tulifanya hivyo kwa sababu moja. Pale Litenga jina lisiloleta kahawa kwa wiki nzima hufutwa, na chumba chake kambini hupewa mtu mwingine. Adela ni dada yangu, na ndani ya chumba chake alikuwamo mama yetu na watoto wake wawili.

Adela hakupona. Tulimzika nyumbani Mpitimbi, tukarudi kambini, na jina lake lilipoitwa tukamwaga makopo kama jana. Tena tukaongeza, kila mtu kwa uchungu wake. Debe la Adela likawa linajaa kuliko ya wote. Mwisho wa mwezi jina lake likaandikwa kwa chaki nyekundu kwenye ubao wa ofisi: mchumaji bora wa msimu.

Na hapo hapo kwenye ubao ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, mgeni kutoka ng'ambo amenyoosha kidole kwenye lile jina jekundu na anasema kwa upole kabisa, "Huyu. Mniitie huyu Adela."

Nilihisi mkono ukinishika kiwiko.

Alikuwa Ramson, nyapara wetu, mtu ambaye hasira ikimpanda ndipo sauti yake hushuka. Akanivuta hadi nyuma ya stoo ya mbolea.

"Nenda," alisema.

"Niende wapi?"

"Ameitwa Adela. Mmetoka tumbo moja, sura ni hiyo hiyo. Nenda ukae kwenye kiti, ujibu."

"Adela amekufa, Ramson."

"Najua. Nilikuwepo Mpitimbi. Nilisimama kule kwenye migomba, hakuna aliyegeuka kunitazama."

Siku zote hizo tulikuwa tunamficha mtu ambaye aliona jeneza likishushwa.

"Nilinyamaza kwa ajili ya mama yenu na wale watoto," aliendelea. "Na kundi langu lilisifiwa, sikatai. Sasa na wewe ninyamazie. Ukienda pale ukasema dada yako ni marehemu, leo leo chumba kinafungwa. Wote mliomwaga kahawa kwa jina la maiti mtaitwa wezi. Wa kwanza Bashiru, maana yeye ndiye aliyepima."

Nilijua hanitishi bure. Lakini nilijua na upande wa pili.

Mgeni yule hakuja kutembea. Kampuni yake ndiyo inayonunua kahawa yote ya Litenga. Walikuwa wameahidi kupandisha bei, na nyongeza yote ije kwa wachumaji, mpaka ujira wa siku uweze kumlisha mtu, kumtibu na kumsomeshea mtoto bila kwenda kukopa dukani. Ila kwanza walitaka kuona mchumaji anaishije sasa. Meneja hakuhangaika kutafuta maneno. Alimpeleka mgeni kwenye ubao, akamwonyesha jina jekundu. Mwenye bidii anaishi vizuri hapa, alimwambia. Wengine ni wavivu tu.

Kopo kwa kopo, tulikuwa tumemjengea meneja ushahidi wake.

Nikisema mimi ni Adela, mama na watoto wanabaki na chumba, na kundi zima linabaki na ujira ule ule uliomuua dada yangu. Nikisema mimi siye, sijui tutalala wapi.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti.

Mgeni alikuwa mama wa makamo mwenye kofia ya kitambaa, pua imeungua na jua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Pembeni yake alikaa mkalimani, binti wa Majengo aitwaye Wema, aliyekuja amevaa viatu vyeupe ambavyo sasa vilikuwa vyekundu kwa vumbi la Litenga. Ramson alisimama nyuma yangu. Meneja aliegemea gari akichezea simu, lakini sikio lake lilikuwa kwetu.

Aliniuliza jina. Nikasema Adela. Aliniuliza watoto. Nikasema wawili, na hapo sikudanganya sana, maana sasa nani mwingine ni mama yao?

Kisha akauliza swali ambalo Wema alilitafsiri kwa sauti ya kawaida tu: "Anataka kujua, asubuhi unakula nini kabla ya kuja kuchuma."

Daktari naye aliuliza hivyo hivyo. Ni siku tuliyomfikisha Adela hospitalini midomo imekuwa myeupe. Daktari alisema damu imeisha mwilini, akauliza, huyu anakula nini? Nilimwambia ukweli. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji, jioni ugali na likolo, mboga ya majani, na likolo lenyewe akiwahi kulichuma kandokando ya njia. Daktari hakuinua kichwa. Aliandika tu.

Swali lilikuwa lile lile, na mimi ndiye Adela.

"Mkate," nilisema. "Na chai ya maziwa."

Ramson akashusha pumzi nyuma yangu.

Mgeni alitabasamu. Akauliza kama malipo yanatosha. Nikasema yanatosha. Akauliza kama kuna kitu ningependa kibadilike. Nikasema hakuna. Kila jibu lilitoka kinywani jepesi kuliko lililotangulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Wema hakutafsiri jibu la mwisho mara moja. Alikuwa anatazama bega langu. Pale pana kipande cha kitambaa cheusi nilichokibana na pini tangu tulipotoka makaburini.

"Pole dada," alisema taratibu. "Umefiwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Dada yangu."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Mkalimani," Ramson aliingilia, "mgeni anasubiri. Na huyu anachelewa kazini."

Wema alinitazama kidogo zaidi ya inavyopaswa kumtazama mtu usiyemjua. Kisha akageuka, akamalizia kazi yake.

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Mgeni alisimama, akavuta kofia yake, akasema angependa kunifuata mistarini aone mchumaji bora anavyofanya kazi, kisha anisindikize mpaka kwenye mizani.

Ramson aliniinamia sikioni. Niseme nimechelewa kuanza kwa sababu ya mahojiano, ndiyo maana ndoo haikujaa. Yeye akatangulia mbio kwenye mistari, akimpitia kila mwanamke: leo hakuna kumwaga. Kila mtu na debe lake. Atakayemwaga hata punje moja asirudi kesho.

Wote walimsikia, isipokuwa Bibi Kunegunda. Yeye huchuma mwisho kabisa wa mstari, na sikio lake moja liliacha kazi zamani. Ramson alimwambia, naye akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kwa kichwa chochote anachoambiwa na mwanamume mwenye fimbo.

Nilichuma. Mgeni alikuwa nyuma yangu, anapiga picha, anagusa kahawa mbivu kwa kidole, anamuuliza Wema hiki na kile. Nilichuma kwa kasi ambayo sijawahi kuchuma, vidole vinachanika, jasho linaniingia machoni na baridi ile. Nikajiambia, pengine nitaweza. Pengine nikijiua hapa leo nitajaza kama Adela.

Tulipofika kwenye mizani, ndoo yangu ilikuwa na kahawa ya mtu mmoja.

Bashiru aliniona, akamwona mgeni, akaona na macho ya Ramson. Karani huyu alitoka Tunduru, ni mtu wa swala tano, na siku zote tulipokuwa tunamwaga makopo yeye alikuwa anatazama juu kama anasoma mawingu. Leo hakuwa na pa kutazama.

"Adela," aliita.

Nilimimina. Kahawa ilifika nusu ya debe, ikakoma.

Mgeni alisogea kuchungulia. Alikunja uso. Akasema kitu kwa Wema. Meneja akaacha kuchezea simu.

Hapo ndipo nilipoona watu wakipisha njia, na Bibi Kunegunda akipita katikati yao na kopo lake la plastiki limejaa. Ramson alipiga hatua moja, lakini mgeni alikuwa anatazama, na huwezi kumkamata bibi kizee mkono mbele ya mgeni.

Bibi akamwaga. "La Adela," alisema.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alishika kopo lake kwa mikono miwili. Nilimwona akimtazama Ramson. Nilimwona akilitazama debe. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyezaliwa kwetu anayeweza kumwona mwenzake akitoa na yeye akapita mikono mitupu. Akamwaga. "La Adela."

Wakaanza kuja. Mmoja mmoja, bila kusukumana, kila mtu anainama, anamwaga, anapisha. Makaburini tulipita hivyo hivyo, kila mtu na udongo wake. Debe lilijaa, likafanya kichuguu, kahawa ikaanza kumwagika chini kwenye vumbi na bado wanakuja.

Mgeni alimgeukia Wema. Wema akamgeukia meneja.

Meneja alicheka. Mtu yule ana akili, msomaji, tusimpunje. "Mwambie ni mila yao," alisema. "Aliye bora hupongezwa na wenzake. Wanampongeza."

Wema alitafsiri. Uso wa mgeni ukafunguka wote. Akapiga makofi. Akainua simu, akapiga picha ya debe, akapiga picha yangu nimesimama kando yake, akapiga makofi tena. Meneja naye akapiga. Ramson akaona usalama uko wapi, akapiga.

Bibi Kunegunda aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanishika shavu, akaniuliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri:

"Hilda mwanangu, hawa wanapiga makofi msibani?"

Makofi ya Wema, aliyekuwa ameanza kupiga kwa adabu, yakakatika.

"Hilda?" alisema.

Nilimtazama Ramson. Alitikisa kichwa polepole, mara moja, kuniambia bado naweza kuokoa jambo. Ningeweza kusema bibi amezeeka, anachanganya majina. Sentensi hiyo niliipata, nilikuwa nayo ulimini. Lakini yule bibi bado alikuwa ameshika shavu langu, na mkono wake ulinuka maji ya kahawa, kama mkono wa Adela.

"Mimi ni Hilda," nilisema. "Adela ni dada yangu. Amekufa. Ndiye huyu wa kitambaa cheusi. Kahawa yake iliyoandikwa ubaoni tumeichuma sisi wote mnaotuona hapa, ili mama yetu na watoto wake wasitolewe chumbani. Debe hili mtu mmoja hawezi kulijaza. Aliyejaribu tumemzika."

Wema alitafsiri. Alipofika mwisho alisimama, akafuta pua kwa kiganja, akalimalizia neno.

Mgeni alivua kofia.

Alimuuliza Bashiru kama ni kweli. Bashiru alisema kwanza, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kama mtu aliyesubiri muda mrefu kupewa ruhusa ya kumwombolezea Adela. Kisha akasema ni kweli, na mkono uliopima ni wake.

Meneja hakucheka tena. Alisema huu ni wizi, alisema polisi, alisema watu hawa ukiwapa kidole wanataka mkono. Mgeni aliinua mkono akamnyamazisha. Aliongea kwa muda, akimtazama meneja, na Wema akawa anatufikishia sisi.

Kesho, alisema, nitakaa hapa kwenye mizani tangu asubuhi. Kila mtu achume peke yake, amwage kwenye debe lake peke yake. Nitakachokiona kesho kwa macho yangu ndicho nitakachokipeleka kwetu, na kwa hicho ndipo ujira utakapopangwa.

Wanawake walianza kupumua. Mmoja akaanza kulia. Nami nilidhani, haya, Adela, umeona.

"Vizuri sana," alisema meneja. "Kesho. Hata mimi napenda hivyo."

Alikubali haraka mno. Mtu anayeshindwa hakubali namna ile.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nilifika kambini. Kwa mbali nikaona godoro limekunjwa nje ya mlango wa Adela, na juu yake amekaa mama. Sufuria zilikuwa pembeni, mfuko wa nguo, picha ya Bikira Maria imeegemezwa ukutani. Mlangoni palining'inia kufuli jipya la shamba. Watoto walikuwa wamejifunika khanga moja, na mdogo alikuwa anakohoa kile kikohozi kinachoanzia tumboni.

"Mama mdogo," mkubwa aliniuliza, "tunalala wapi?"

Chumbani kwangu nalala na wachumaji wengine watatu. Hata mkeka wa ziada haupati pa kutandikwa.

Wakati bado nafikiri, Bashiru alipita na begi lake begani. Alikuwa ameachishwa kazi saa ile ile. Alisimama, akainama, "Shikamoo mama." Mama akamwitikia marahaba, akamwambia Mungu amsindikize. Bashiru akaishika njia ya kwenda barabara kuu kutafuta gari la Tunduru, na nikakumbuka kwamba naye ana mke anayemngoja na watoto wanaokula.

Ramson alikuja mara tu Bashiru alipopotea machoni. Alikuwa peke yake. Kwenye kiganja chake kulikuwa na ufunguo.

"Kesho hamwendi kwenye mistari yenu," alisema. "Mnakwenda upande wa mtoni. Mizani imeshahamishiwa huko."

Nikaelewa kila kitu kwa mkupuo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Upande wa mtoni haujaguswa msimu mzima. Kila tulipouliza tuliambiwa bado, subirini, haijaiva. Mibuni ya kule imeinama hadi matawi yanagusa ardhi. Kule hata mtoto anajaza debe kabla jua halijapanda, halafu anajaza lingine. Mgeni atakaa kwenye kiti chake, ataona kwa macho yake mwenyewe madebe yanavyojaa, kila mtu peke yake, bila kopo la mtu mwingine. Atafunga safari akiwa na uhakika kwamba Litenga watu wanapata cha kutosha. Na baada ya siku hiyo moja sisi tutarudi mistarini kwetu.

"Bibi Kunegunda na wazee wenzake watapumzika kesho," Ramson aliongeza. "Hawataitwa."

"Mgeni atajua," nilisema.

"Atajuaje? Hajawahi kuiona kahawa ikiwa shambani kabla ya leo." Akajikuna shingo. "Atauliza. Na atakuuliza wewe, maana leo umesema ukweli mbele ya watu, sasa wewe ndiye anayekuamini. Atakuuliza kama kila siku iko hivi. Utasema ndiyo."

"Na nikikataa?"

Alinyoosha kiganja chenye ufunguo, akamtazama yule mtoto anayekohoa. Na wallahi, msomaji, hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu ambaye naye amepewa maagizo, na ana chumba chake kwenye kambi ile ile.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia arudishe ufunguo wake kwa aliyemtuma. Nilikuwa nayo nusu. Mama akasimama kutoka kwenye godoro. Alitembea mpaka kwa Ramson, akauchukua ufunguo kwenye kiganja chake, akaenda mlangoni, akafungua kufuli.

"Mama," nilimwita.

Hakugeuka. Alikuwa anaingiza sufuria.

"Nimeshazika mmoja," alisema.

Ramson akaondoka bila kuaga. Alikuwa amepata jibu lake, na halikutoka kwangu.

Watoto wa Adela wamelala ndani. Saa moja asubuhi mizani inafunguliwa upande wa mtoni, na jina la kwanza kuitwa ni langu.